Mbeba Machela wa Mbele

Upande wa Ihembe, mwanamke aliposhikwa na uchungu alibebwa kwa machela hadi zahanati, mabegani mwa wanaume wanne, na mbeba machela huyu ndiye aliyetangulia. Bega lake lilikuwa na sugu ngumu kama kisigino. Akifika penye utelezi alikohoa mara moja tu, na wenzake wakapunguza mwendo. Miaka tisa hakuwahi kuteleza, jambo ambalo aliwakumbusha watu hata pasipo kuulizwa. Mkewe, Kokuhirwa, alipojifungua mtoto wao wa kwanza, siku ya kurudi nyumbani mume alimchukua kichanga kabla mama hajafunga kanga ya mgongoni. "Nipe mimi. Kazi yangu hii." Wakafika kwenye mteremko uleule aliozoea kuupita na machela, mvua imetoka kunyesha. Akakohoa. Akavua viatu. Kisha, na suruali yake ya kanisani, akaketi kwenye matope, mtoto kifuani, akaanza kushuka kwa makalio, taratibu.

"Mbeba machela mzima!" Kokuhirwa alicheka huku ameshika tumbo. "Leo unaogopa utelezi?"

"Kule tunabeba tukiwa wanne," akajibu bila kugeuka. "Hapa niko peke yangu."