Kitufe Chekundu cha Redio ya Mama

Mama yangu hakujua kusoma, na kwa miaka mingi barua za kaka kutoka Dar es Salaam nilimsomea mimi. Hakupenda ninavyosoma. Alisema nasoma kama nimesimama mbele ya darasa, na kwamba mwanawe wa kiume hawezi kumwandikia "natumaini hujambo" kavukavu namna ile. Lazima kuna maneno nimeyaruka. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Newala mjini, yeye alikaa Mnyambe na mikorosho yake, na kila nilipokwenda kumwona mwisho wa juma tulianza na barua tukamaliza na ugomvi.

Kisha zikaja zama za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ambayo tuliyajua kwa rafu tupu na sabuni ya foleni yakajaa vitu vya Dubai: saa za plastiki, tochi, redio za majina ambayo hata wenye maduka walishindwa kuyatamka. Kaka akanunua redio kaseti ndogo, ya kushikika mkono mmoja, akampa dereva wa lori lililokuwa linakuja kuchukua korosho. Ndani yake aliweka kaseti aliyojirekodi mwenyewe, akiongea Kimakonde mwanzo mpaka mwisho, akikohoa, akicheka, akimsalimia kila mtu kwa zamu. Mama aliisikiliza mara nne siku hiyo hiyo. Kisha akaniangalia.

"Umeona? Huyu ndiye mwanangu. Wewe ulikuwa unanisomea mtu mwingine."

Nilifurahi kwamba kazi ya kusoma imeniondokea. Sikujua nimepewa kazi gani badala yake.

Redio ile mama aliitunza kama yai. Aliifunga kwa kitenge akaiweka mahali alipoona hapafikiwi na mtu, yaani ghalani, juu ya mifuko ya salfa, dawa ya mikorosho. Wakati wa kupuliza mikorosho, unga ule wa njano huwa kila mahali: kwenye nywele, kwenye chakula, machoni. Redio ilikaa pale msimu mzima, na hakuna aliyewaza lolote.

Kaseti ya pili ilipofika, nilikuwapo. Mama akaketi kwenye mkeka, nami nikabonyeza kitufe cha kusikilizia. Utepe ukazunguka. Kimya.

"Mbona hasemi?" mama akauliza.

"Subiri, mama. Labda bado anajiandaa."

Tukasubiri. Mama akasema labda ameugua koo. Nikasema labda betri. Akasema betri ni mpya, mimi ndiye nimebonyeza vibaya. Nikamjibu kwamba nimebonyeza palepale ninapobonyeza siku zote. Tulibishana hivyo kwa muda, kisha nikarudisha utepe mwanzo nikabonyeza tena, safari hii nikikandamiza kile cha kusikilizia peke yake kwa kidole gumba. Redio ikasema, kwa sauti ya mama yangu: "Mbona hasemi?" Na kwa sauti yangu: "Subiri, mama."

Ilinichukua muda kuelewa. Kile kitufe chekundu cha kurekodia kilikuwa kimelegea, na mara ya kwanza kikashuka pamoja na mwenzake bila mimi kukiona. Tulikuwa tumekaa pale tukimfuta kaka, na juu yake tumerekodi ubishi wetu. Ubishi ulipokwisha, sauti yake ilitokea katikati ya sentensi: "...kwa hiyo msisahau, nawategemea." Baada ya hapo alisalimia watu, akaaga, basi.

"Tusisahau nini?" mama akauliza.

"Sijui, mama."

"Wewe si mwalimu?"

Jumatatu nikaipeleka redio kwa fundi wa Newala, kijana aliyekuwa anatengeneza saa na redio kwenye baraza la duka karibu na soko. Nikamweleza polepole, kama ninavyoeleza hesabu za sehemu: kitufe chekundu hakirudi juu, kinashuka na kile cha pili. Akaitikia kila neno. "Kazi ndogo, mwalimu. Njoo kesho."

Kesho umeme haukuwapo. Kesho kutwa bisibisi yake ndogo ilikuwa imeazimwa. Siku ya nne alikuwa msibani. Wiki ya pili nilimkuta, na redio iko wazi mbele yake, vitufe vimepangwa juu ya gazeti, naye anatengeneza saa ya mtu mwingine. Siku hiyo nilipandisha sauti, jambo ambalo sifanyi barabarani kwa sababu wazazi wa wanafunzi wananisikia. Akaniomba radhi, na jioni ile akanikabidhi redio imefungwa vizuri.

"Sasa chekundu hakishuki tena," akasema kwa fahari. "Hata ukikipiga nyundo."

Kweli hakikushuka. Alikuwa amekibandika kwa supaglu. Ila gundi ilikuwa imetiririka ikashika na kitufe cha kusikilizia, nacho kikasimama wima kama msumari. Nilibonyeza, nikabonyeza kwa kidole kingine, nikabonyeza kwa kisigino cha kiganja.

"Na hiki?"

Akakitazama. Akakigusa. "Hiki hukusema kama ni kibovu, mwalimu."

Nilichukua redio nikaondoka bila kuaga. Nilipofika nyumbani nilikaa kitandani nikacheka kwa hasira, kisha nikalia kidogo, kwa jambo la kipumbavu kama kitufe. Mama nilipomweleza, hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Na mimi nitamjibu kwa kitu gani, kama cha kurekodia kimebandikwa?" Hilo hata sikuwa nimelifikiria.

Mwezi uliofuata walimu tuliitwa semina Masasi, na redio nikaitia kwenye mkoba kati ya vitabu. Siku ya pili, wakati wa chakula cha mchana, nikauliza alipo fundi wa redio. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Kiyao aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko, amevaa kofia, na miwani imefungwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani amekufanyia hivi?" Hata sikuwa nimeieleza. Aliiona gundi tu.

Nikamsimulia yote: kaka, kaseti, kimya, fundi wa Newala. Hakucheka, na hilo lilinipoza. Akafungua skrubu moja moja, akaziweka kwenye kifuniko cha chupa, akaanza kuikwangua gundi kwa ncha ya wembe. Nilikosa kipindi cha mchana cha semina nikimtazama. Alipofika ndani kabisa, akapitisha kidole, akanionyesha. Kilikuwa cha njano.

"Mnaiweka na salfa?"

"Juu ya mifuko, mzee."

Akatikisa kichwa. Unga ulikuwa umeingia chini ya vitufe na kushika grisi, na springi ndogo ya kile chekundu ilikuwa imeliwa mpaka imekatika. Akasafisha kwa spiriti na kitambaa. Kisha akachukua kalamu iliyokwisha wino, akaifungua, akatoa springi yake, akaikata kwa koleo akaipachika. Akabonyeza. Chekundu kikashuka, kikarudi juu kwa mlio mkavu. Akanipa nijaribu. Nilikibonyeza mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Kaseti yenyewe unayo?" akauliza.

Nikampa. Akaigeuza, akanionyesha vidole viwili vidogo vya plastiki mgongoni, kimoja kila pembe. "Hiki ukikivunja, redio haiwezi kurekodi juu ya kaseti hii. Kitufe kinagoma chenyewe. Siku ukitaka kurekodi tena, unaziba tundu kwa karatasi."

"Hata kitufe kikiwa kibovu?"

"Hata kikiwa kibovu."

Wiki zote zile, kelele zote zile pale barazani, na maneno ya kaka yaliyopotea, vyote vingezuiliwa na kitu ambacho mtoto angekivunja kwa ukucha. Nilimkasirikia kaka kwa kutokivunja, nikamkasirikia aliyeunda kaseti kwa kutoandika popote, kisha nikajikasirikia mimi mwenyewe, maana kila kaseti ya dukani niliyowahi kushika ilikuwa na matundu pale, na sikuwahi kujiuliza ni ya nini.

Jumamosi nikashuka Mnyambe kutoka kwenye pikapu ya mtu, redio mkononi, nikiwa na hotuba yangu tayari kuhusu salfa. Nje ya nyumba ya mama alikuwa ameketi mwanamume ameweka miguu kwenye beseni la maji. Alikuwa kaka.

"Mlikuwa wapi?" akaanza, hata salamu hakuna. "Nimewaambia siku, nimewaambia gari, nimewaambia mnipokee stendi kwa sababu nina mizigo. Nimetembea kutoka Newala na magunia mawili kwenye mchanga huu! Hamkusikia kaseti?"

"Tulisikia 'msisahau'," nikamwambia.

"Msisahau nini?"

"Ndiyo tulikuwa tunajiuliza."

Nikamweleza. Alisikiliza miguu ikiwa majini, na nilipofika kwenye kile kidole cha plastiki akafumba macho. "Mwalimu mzima," akasema. Nikamjibu kwamba yeye ndiye mtu wa mjini. Tungeendelea hivyo mpaka jioni, lakini mama alitoka jikoni, akaichukua redio mkononi mwangu, akaiweka kwenye kigoda mbele ya kaka.

"Sema," akamwambia.

"Niseme nini?"

"Yale yaliyofutika."

"Mama, yale yalikuwa ya kuwaambia nakuja. Si nimeshakuja?"

"Hukusema hayo tu. Kulikuwa na mengine. Nilikaa pale namwangalia huyu anabonyeza, na wewe ulikuwa unasema."

Kaka akanitazama kuomba msaada. Sikumpa. Nilikuwa nimechoka na redio ile kuliko nilivyowahi kuchoka na darasa lolote. Akasema hakumbuki. Mama akasema atafute. Kaka akasema yupo hapa wiki mbili nzima, watazungumza kila siku mpaka amchoke.

"Wewe utaondoka," mama akasema. "Mimi nitabaki na kaseti yenye kelele za huyu."

Kaka akatoa miguu majini, akaifuta kwa shati lake, akajisogeza karibu na kigoda. Mimi nikatia kaseti ileile, kidole chake bado hakijavunjwa, nikarudisha utepe mpaka mwanzo, nikashusha vitufe vyote viwili pamoja, na mara hii kwa makusudi. Akakohoa. Akasema hajambo, akasema Dar kuna joto, akasema anakuja. Akakwama. Mama, aliyekuwa amekaa karibu naye kiasi cha magoti kugusana, akamwashiria kwa mkono aendelee, naye akaanza kusema juu ya chumba alichopanga, na majirani zake, na jinsi anavyopika mwenyewe akiwa hana hamu ya kula, mambo ambayo hakuna barua hata moja niliyowahi kusoma iliyoyataja. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, macho kwenye kile kigurudumu kinachozunguka. Niliwaacha hapo nikaenda kuchota maji ya kuoga.