Waya Usiopita Kwenye Swichi

Wengi walimwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona ameketi mpaka chai ikapoa. Alikuwa fundi umeme wa boti za matembezi, zile nyeupe ndogo ambazo wenyewe huja kupunga nazo upepo mwisho wa wiki, kisha huziacha zimefungwa gatini. Kazi hiyo alifundishwa na kaka yake, na wote wawili waliifanya miaka mingi chini ya kibao kimoja chenye jina la kaka. Mungu alipomchukua kaka, kibao kikabaki, na Kiguu akabaki nacho. Utulivu wake, ambao hata zamani ulikuwa haba, ukaisha kabisa.

Jumamosi moja akaitwa na mama mwenye kiwanda cha mikate, ambaye alikuwa na boti ya kutembezea familia.

"Fundi, kila nikija nakuta betri imekufa," mama alisema. "Nimenunua mpya, nayo vilevile. Simsemi vibaya marehemu, lakini aliyefunga nyaya hizi mara ya mwisho ni yeye."

Alisema kwa sauti ya kawaida, ila gatini hakuna siri. Fundi injini, aliyekuwa akihangaika na injini kwenye boti ya pili, akadakia, "Kaka mtu alikuwa na mkono mzuri, ila uzee, bwana. Macho."

"Macho yako yaelekeze kwenye hiyo injini uliyoifungua tangu mwezi jana," Kiguu akamjibu.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alijua maneno kama yale yanavyotembea, na aliyelala kaburini hawezi kujitetea.

Akaingia ndani na mita yake. Chaja ilikuwa nzima. Alteneta, inayochaji betri injini ikiwaka, ilitoa umeme wa kutosha. Kwa hiyo umeme ulikuwa unaingia vizuri. Kulikuwa na kitu kinachounywa boti ikiwa imelala. Akazima swichi kuu inayokata umeme wa boti nzima, akapima tena. Mita ikasoma sifuri. Alipotaka kufungasha vyombo, namba zikaruka, zikakaa kidogo, zikarudi sifuri.

Akainama na tochi. Hapo ndipo alipouona: waya mwembamba uliotoka moja kwa moja kwenye betri, bila kupita kwenye swichi kuu, ukazama chini ya injini. Pampu ya kutolea maji aliijua, ilikuwa na swichi yake juu, karibu na usukani. Huu ulikuwa wa nini? Siku nyingine angeufuata mpaka mwisho wake. Siku ile alisikia viatu vya mama vikija, akajiona kama aliyekutwa akiiba. Kaka amekosea, akajisemea. Kaka, aliyekuwa akinipiga makofi mkononi kwa waya uliopinda.

Akaufungua waya, akauficha chini ya betri.

"Umeona nini?" mama akauliza mlangoni.

"Kuna waya ulichubuka kidogo, mama. Panya hao. Nimeshaumaliza."

Uongo mdogo, wa kumsitiri maiti. Alidhani angelala vizuri. Badala yake siku zilizofuata alishika kazi hii akaiacha, akashika ile akaiacha, akala amesimama, na alipoanza kusali akajikuta anarudia maneno yaleyale kama mtu aliyepotea njia.

Katikati ya wiki ndugu wakakusanyika nyumbani kwa shemeji yake, mjane wa kaka, kumwombea marehemu. Kiguu alibanwa kwenye kochi kati ya shangazi wawili, goti likimchezacheza.

"Una siafu humo?" shangazi mmoja akamnong'oneza.

Dua ikiendelea, yeye akilini aliuona tena ule waya. Ulikuwa umebanwa vizuri ubavuni mwa boti, kibanio baada ya kibanio. Tena pale karibu na betri ulikuwa na fyuzi yake mwenyewe. Mtu anayekosea, au anayelipua kazi, haweki fyuzi. Kaka aliuweka waya ule kwa makusudi. Na kitu gani mtu mwenye akili timamu angetaka kipate umeme hata boti ikiwa imezimwa na mwenyewe hayupo?

Akasimama katikati ya maombi. Shemeji akafumbua jicho moja, akamtazama, akamwonyesha mlango kwa kidevu.

Alipofika gatini, boti ilikuwa imekaa chini kuliko wenzake. Ndani, maji yalikuwa yameshafunika sakafu, mito ya viti inaelea, na yamebakiza kidogo tu kufikia betri. Kiguu akaingia na viatu vyake, akapapasa, akaurudisha waya. Kutoka chini ya injini pampu nyingine ndogo, ya kujiwasha yenyewe maji yakijaa, ambayo hakujua kama ipo, ikaanza kunguruma, na maji yakatoka ubavuni mwa boti kwa nguvu. Yalipopungua akaona yanakoingilia: pale shafti, chuma kinachozungusha pangaboi, inapotoboa boti, mpira wa kuzuia maji ulikuwa umechakaa. Wakati wote ule pampu ya kaka ilikuwa inaiokoa boti, na ndiyo iliyokuwa ikimaliza betri.

Akampigia mama simu, akamweleza yote, na ule uongo pia.

"Kwa hiyo na wewe ulidhani marehemu amekosea."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilisema, wewe ukaficha. Sijui nani afadhali. Nakuja."

Alipofika, hakuanza na boti. Alikwenda kwanza kwa fundi injini na wenzake, akasema kwa sauti ileile ya kawaida, "Nilimsingizia marehemu hapa mbele yenu. Kama si kazi yake, leo ningekuwa sina boti." Kiguu akajifanya anakamua kitambaa.

Jioni alirudi kwa shemeji. Wageni walikuwa wameondoka. Akamsimulia, akaanzia kwenye uongo, kwa sababu ndio uliomkaba.

"Nilimdhania vibaya mume wako, shemeji. Nisamehe. Mtu yule hakuwa wa kukosea."

Shemeji akamsogezea chai, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Nani kakwambia hakuwa wa kukosea? Swichi ya choo chetu inawasha taa ya jikoni mpaka leo. Na asitokee mtu wa kuirekebisha."