Ngozi Inayoshika Uzi

Siku washenga walipokuja kumposa Gloria, mdogo wake Ng'washi alikuwa jikoni akisonga ugali, masikio yote sebuleni. Alimsikia baba yao, mzee Ndalahwa, akiwataja ng'ombe wa mahari kwa sauti ya mnadani, kisha akasema, "Na binti mmemuona alivyo mweupe. Weupe nao una ng'ombe wake." Washenga wakacheka, wakaongeza.

Bibi akaingia jikoni kuchukua maji. Akamtazama Ng'washi, mweusi kama chungu kilichokuwa mbele yake, akamtania, "Sisi weusi, mke mwenzangu, sijui kama watatupa hata mbuzi."

Utani wa bibi na mjukuu hauna kesi. Ila wa siku ile ulimwingia Ng'washi ukakaa. Alikuwa kidato cha tatu, na katika Baiolojia hakuna aliyemfikia darasani, lakini tangu jioni ile hayo yote aliyaona si kitu. Nani aliwahi kuongeza ng'ombe kwa sababu ya Baiolojia?

Basi hela ya kitabu aliyopewa na baba ikaishia Rujewa sokoni, kwa mama mmoja aliyekoroga krimu za kila aina ndani ya kopo moja. Mkorogo. Msichana aliyejibu swali zima la kazi za ngozi bila kukosa alirudi nyumbani akajipaka usoni, mikononi na miguuni, asubuhi na jioni. Uso ukaanza kung'aa, wenzake wakamsifu, naye akaanza kulikwepa jua. Netiboli akaacha. Akili, haki ya Mungu, alikuwa nazo, hakuzitumia tu.

Mpunga hauna habari na urembo, ukiiva unataka watu. Familia nzima ikaingia shambani, upande wa Ubaruku. Ng'washi alikwenda amevaa sweta, soksi za shule na kitenge alichojizungushia kichwani hadi puani, katika joto la Usangu. Bibi akamuuliza kama anakwenda kurina asali.

Kabla ya saa sita jasho lilimshinda. Kitenge kikateleza kikamziba macho, na mundu wake ulikuwa tayari hewani. Ulipita kwenye soksi ukaingia mguuni, chini ya goti.

Mzee Ndalahwa alimpakia kwenye pikipiki mpaka zahanati. Nesi Eveline, mwenyeji wa Kilolo, alikata soksi, akasafisha jeraha, akaitazama ngozi kwa muda. Sauti ikawa ya chini.

"Binti, unapaka mkorogo?"

Ng'washi akamtazama baba yake aliyekuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa amewahi kusikia, nani hajasikia, kwamba ngozi ya mkorogo haishonwi. Sindano ikipita, inachanika. Akinyamaza, mguu utaharibika. Akisema, baba atajua hela ya kitabu ilikokwenda. Aliogopa vyote viwili, lakini mguu ulikuwa wake.

"Ndiyo, sista. Nilitumia hela ya kitabu. Nisamehe, baba."

Mzee Ndalahwa hakugombeza. Aliigeuzageuza ile kofia, akasema, "Mimi ndiye niliyezitaja zile ng'ombe kwa sauti. Ulikuwa jikoni, eh?" Ng'washi akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka. Baba akaja akamshika bega, akabaki hapo mpaka nesi alipomaliza kushona.

"Nimeshona," nesi alisema. "Kama itashika tutajua siku ya kutoa nyuzi. Mkorogo mwisho leo."

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Ng'washi alilala akiushika mguu, akaamka akiuchungulia. Hakuwaza tena weupe wala washenga. Alimwomba Mungu kitu kimoja tu, ngozi yake, hiyohiyo nyeusi, ishike.

Walirudi zahanati siku waliyopangiwa. Nesi Eveline alifungua bandeji, akakata uzi mmoja, akauvuta, akabonyeza pembeni kwa kidole. Akakata mwingine. Ng'washi alikuwa amefumba macho.

"Kamwene," nesi alimsalimia kama anayemwamsha. "Tazama mwenyewe. Imeshika yote. Umeacha mapema, una bahati. Ngozi nzuri hii."

Ng'washi akafumbua macho. Jeraha lilikuwa limefunga, limeacha kovu jembamba na safi. Akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka baba akageukia dirishani kujifuta uso. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno lile.

Njiani walipita shambani. Bibi alikuwa anapepeta mpunga, akamuona mjukuu anakuja kichwa wazi, mikono wazi, jua la saa saba likimpiga sawasawa.

"Mke mwenzangu, jifunike, utaungua."

"Acha liniunguze, bibi," Ng'washi akasema, akichukua ungo. "Ngozi yangu nimeambiwa ni nzuri."