Filamu bora ya Zuhura

Leo Mkorea kamuumbua mtu sebuleni kwetu.

Jana dada yangu Zuhura kaposti "vilivyonikosha mwezi huu." Kitabu kinene, kahawa ya Uluguru, na filamu ya Kikorea. Akaongeza: "Mimi naangalia kwa lugha yenyewe. Zilizotafsiriwa na DJ, na vituko vyake vya mtaani, nawaachia washamba."

Haya, msomi.

Leo mchana tunachambua mchele, Mama akamwomba atusimulie hiyo filamu. Zuhura kaanza kwa mbwembwe:

"Basi jambazi akamwambia bosi wake, 'Nitakuponda kama nyanya za Dumila!'"



Mama hata hakuinua kichwa kwenye ungo.

"Kumbe huyo Mkorea kwao Dumila?"

Nimecheka mpaka nimemwaga mchele.

Posti kaifuta. Nilishaipiga picha, mnaotaka semeni.

Sasa nani amuulize kile kitabu kinaishaje?