Karani na Kamba Iliyolegea

Ukimuuliza baba yake Sajini binti yake anafanya kazi gani, mzee alikuwa na jibu moja tu: "Yupo serikalini." Hapo anafunga mdomo, na mgeni anabaki akidhani ni mtu wa wizarani. Ukweli ni kwamba Sajini alikuwa polisi wa kikosi cha mbwa, na kwa mzee hilo lilikuwa pigo. Polisi wa jiji wana watu wa pikipiki wanaosindikiza wakubwa, wana wapiga mbizi, wana wategua mabomu, wana hata farasi wa gwaride, halafu binti yake kaenda kuchagua kuzoa mavi ya mbwa. Maneno yake hayo, si yangu.

Na kweli alichagua mwenyewe. Alipomaliza mafunzo alipangiwa pikipiki, kwa kuwa ni mrefu na sare inamkaa, akaomba abadilishiwe. Wenzake walidhani jua limemwingia kichwani. Tangu hapo amesugua sakafu za mabanda, amelala na mbwa wagonjwa, amejikunja nyuma ya mapipa ili mbwa wajifunze kumtafuta, mpaka ikafika mahali mtu akipotea jijini anaitwa yeye. Nawajua wenye nyota mabegani ambao hawajawahi kumrudisha mtoto wa mtu kwao. Yeye amewarudisha wengi na hajisifu, basi acha nimsifu mimi.

Mbwa wake aliitwa Karani, maana hapitishi kitu mpaka akikague kwanza. Ana sikio moja lililolala na uso wa mtu anayekwambia urudi kesho. Hakubali kufanya kazi na mtu mwingine yeyote ila Sajini.

Sasa mzee alikuwa ameanza kusahau. Kwanza majina ya majirani, kisha siku, kisha njia. Mchana mmoja mdogo wake Sajini, anayeishi na baba yao, alimpigia simu akilia: mlango u wazi, baba hayupo. Sindano ya sukari alishachomwa, lakini chakula hajakigusa. Mtu wa hali hiyo akizurura juani anaweza kuanguka asiamke, na wote wawili walilijua hilo.

Inspekta, mkuu wa kikosi, alimkatalia Sajini waziwazi. "Mbwa hatakosea," alisema. "Wewe ndiye utakosea." Maana kazi hii ina kosa lake la pekee: mwenye mbwa akishajiaminisha kwamba anajua mtu alipo, mkono wake humvuta mbwa bila yeye kujijua, na mbwa, kwa kumpenda, humfuata. Lakini mbwa wengine wa kutafuta watu walikuwa nje ya jiji, na Karani ni Karani. Mwisho Inspekta alimruhusu kwa sharti kwamba Konstebo, mwenzake wa siku nyingi, atembee nyuma yao, na kamba ilegee muda wote.

Nyumbani Karani alinusa foronya ya mzee, akatoka akiifuata harufu kama kawaida yake, pua chini, mkia umetulia. Walipofika njia panda, Sajini alitazama kushoto. Huko ndiko kwenye karakana ya useremala alikofanya kazi baba yake maisha yake yote. Angekwenda wapi kwingine? Kamba ikakaza kidogo tu. Karani akasita, akamtazama usoni, akageuka kushoto.

Karakana ilikuwa imefungwa. Mlinzi alisema hajamwona mzee tangu mwaka jana. Sajini alimwangalia mbwa wake na kugundua kwamba pua ilikuwa juu njia nzima, mbwa alikuwa anatembea tu. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Muda ulikuwa umepotea, na jua lilikuwa kali.

"Nimemvuta," alimwambia Konstebo.

"Nimeona," Konstebo akajibu. "Turudi."

Walirudi mbio hadi njia panda. Safari hii Sajini aliachia kamba yote mpaka ikaburuta chini, akauma midomo yake. Karani aliinamisha pua na kushika kulia bila kufikiri mara mbili. Akapita nyuma ya maduka ya vipuri, akavuka daraja la waendao kwa miguu, akaingia barabara pana yenye miti, na hapo moyo wa Sajini ukazama, kwa sababu barabara ile ilikuwa inakwenda kambini kwao.

"Amechoka," Konstebo alisema taratibu. "Anarudi kula."

Hata mimi ningesema hivyo. Geti lilikuwa linaonekana, na harufu ya chakula cha mbwa ilikuwa inatoka jikoni. Mkono wa Sajini ulitaka kuvuta, umgeuze mbwa waanze upya. Hakuvuta. Karani akafika getini, akapita. Hakugeuza hata shingo. Alifuata ukuta mpaka nyuma ya kambi, kwenye uzio wa waya unaozunguka uwanja wa mazoezi, na pale kwenye kivuli cha mwavuli wa mama muuza maji akalala chini mbele ya miguu ya mzee mmoja aliyeshika chupa ya soda.

"Nimempa soda, nilimwona anatetemeka," mama muuza maji alisema. "Huyu ni wa hapa siku zote. Tangu akiwa na akili zake timamu alikuwa anakuja, anashika waya, anaangalia mbwa wakifundishwa, anaondoka. Hasemi na mtu."

Sajini alipiga magoti. Mzee alimtazama, akatazama sare, na ilikuwa wazi kwamba hamjui aliye mbele yake.

"Afande," alisema kwa heshima, "nina binti humo ndani. Kikosi cha mbwa. Pikipiki walimpa akakataa. Ukipotelewa na mtu, usihangaike na wengine, mwite yeye."

Konstebo aligeuka akajifanya anaangalia barabara. Sajini alitoa mpira mfukoni akauweka mkononi mwa baba yake, kwa sababu utaratibu wa kikosi ni kwamba aliyepatikana ndiye anayempa mbwa zawadi. Mzee akautupa, si mbali, na Karani akaukimbilia kama mtoto, akasahau kabisa ukarani wake.

"Mwambie nilikuja," mzee akasema.

Sajini alisimama, akanyoosha mgongo, akampigia baba yake saluti kamili.

"Nitamwambia, mzee," alisema. "Atafurahi sana."