Maua Meupe ya Noeli

Kila mwaka Noeli ikikaribia, mimi ndiye niliyekuwa napamba altare ya parokia yetu. Sikuchaguliwa na mtu. Marehemu mume wangu alikuwa katekista, nikaanza kwa kumsaidia kufunga maua ya karatasi, na alipotutoka kazi ikabaki mikononi mwangu pamoja na sufuria zake na viti vyake. Watoto wako mbali, kila mmoja na mambo yake. Nisiseme uongo: kwa ajili ya maua yale watu walinisalimia mimi kwanza nikiingia kanisani, na nilipenda sana kusalimiwa kwanza.

Si kazi ya mtu mwenye haraka. Unapanga karatasi nyepesi moja juu ya nyingine, unazikunja mbele na nyuma, unafunga uzi katikati, kisha unafungua petali polepole bila kuzichana. Bua ni waya, gundi ni uji wa muhogo. Kwa kawaida nachanganya nyeupe na nyekundu. Mwaka jana karatasi nyekundu ya krepe haikupatikana. Wafanyabiashara wanaovuka ziwa kutoka Kigoma walisema mashua ilijaa, hawakuileta. Potelea mbali, nikasema, Mtoto Yesu hataniuliza rangi. Nikatengeneza meupe matupu, beseni zima.

Mtu yeyote wa kwetu angenikanya. Maua meupe matupu, yaliyokunjwa hivyo hivyo, tunayaweka juu ya sanduku la maiti. Nalijua hilo kuliko wengi, maana misibani pia huniita. Lakini mwezi ule sikuwa nawaza kitu kingine ila altare yangu.

Nilipofika kanisani na beseni kichwani, nilimkuta mkubwa wa kamati mpya ya mapambo amesimama juu ya benchi. Ningeweza kumzaa, yule. Alikuwa ameizungushia altare yote maua ya plastiki, na katikati yake vitaa vinawaka na kuzimika. Krepe yangu ilikosa nafasi kwenye mashua, plastiki haikukosa. Alishuka, akanipa mkono kwa heshima zote.

"Mama, aksanti sana, lakini mwaka huu tuko na ya plastiki. Haya yako utapamba nayo nyumba."

Akina mama wa kwaya walikuwa wanafagia. Wakaacha kufagia. Nilicheka kidogo, nikasema ni vema, hata mikono yangu imechoka, nikafunika beseni kwa kitambaa changu cha kikwembe na kujitwika tena. Uso uliniwaka moto. Kilichoniuma zaidi ni kwamba yale ya plastiki yalikuwa mazuri.

Nilishuka kwa njia ya reli nisikutane na waumini, na huko nikalia, mtu mzima kama mimi, kwa ajili ya karatasi. Karibu na kwangu nikakutana na jirani yangu, mama anayeuza samaki wadogo wa ndagala. Yeye na mumewe mvuvi walihamia hapa kutoka upande wa Fizi, na wanakaa na mama mkwe wake, kizee asiyetoka tena nje. Jirani alinisalimia, sikuitika. Akadhani nimeelemewa na mzigo, akanisaidia kutua beseni mlangoni pangu, na kikwembe kikateleza. Akayaona maua. Kisha akaniangalia usoni.

"Mama, ni muntu gani amekufa?"

Hapo ningejibu tu na mambo yangeisha. Lakini machozi yalikuwa yananirudia. Nilitikisa kichwa, nikaingia ndani na kufunga mlango. Ukifanya hivyo kwetu, na maua meupe yako nje, umeshatangaza msiba.

Nilipotoka kutafuta maji nilikuta mikeka imetandikwa uani. Wanawake walikuwa wamejifunga vikwembe kiunoni, wengine wameshaanza kulia. Wanaume walikuwa wanabishana bashi la kuzuia mvua lifungwe wapi. Yule kizee naye alikuwa ameletwa kwa kushikwa mkono, akakalishwa mbele kabisa, machozi yanamtoka kwa ajili ya mtoto wangu waliyedhani amefia mbali, ambaye hakuna aliyejua ni yupi. Nilitamani ardhi ipasuke. Wote wakanigeukia.

"Hakuna muntu amekufa," nikasema. "Walikataa maua yangu kule kanisani, njo maana nililia."

Mwanamume mmoja akaanza kufungua kamba za bashi taratibu. Mama mmoja akafyonza, alikuwa ameacha chungu motoni. Mtu wa nyuma akacheka, kisha wakacheka wengi, na walikuwa na haki. Mimi nilisimama nikishika ndoo yangu tupu, natazama miguu ya watu. Kizee peke yake hakucheka. Aliomba apewe ua moja, akaligeuza geuza mkononi.

"Yangu utafanya kama haya," akaniambia, "meupe hivi hivi."

Nilimkasirikia kuliko waliocheka. Nilikuwa nataka maua yangu yawe ya Noeli, naye ananipeleka makaburini. Walipoondoka niliyatia yote kwenye mbabula yangu ya makaa nikapikia chai. Siku ya Noeli nilikaa benchi la nyuma, na vitaa vile viliwaka misa nzima bila kuchoka.

Kabla ya Bonane, sikukuu ya mwaka mpya, jirani alikuja kunigongea mlango, kikwembe kimefungwa kiunoni. Kizee ametutoka. Aliomba yale maua, kama nimeyaweka. Nilimwambia nitatengeneza mengine, mapya, mazuri zaidi, na arudi baadaye ayachukue. Nilimshika, nikampa pole, na nilipofunga mlango moyo wangu uliruka. Kuna mtu ananihitaji.

Nilikaa chini na karatasi zangu. Mikono ilikuwa myepesi kuliko miaka yote. Hakuna petali iliyochanika. Beseni lilipojaa niliinua macho nikamwona jirani mlangoni, macho mekundu, amesimama. Sijui alikuwa pale tangu lini. Ndipo nilipojisikia: nilikuwa naimba, tena kwa sauti, wimbo wa Noeli.

Alijitwika beseni akaenda nalo kwa maiti wake, nami sikuweza hata kumwomba msamaha, maana ningemwambia nini? Nilikuwa nimefurahi kweli.