Siku Maji ya Kunywa Yalipogeuka Asali Feki

Chuoni kwangu sijawahi kulisimulia hili, na ningelifukia kabisa kama nusu ya wafuga nyuki wa Kibaha na Kisarawe wasingekuwa wanalijua tayari, na mbaya zaidi wanalisimulia wakiongezea chumvi, eti nililia palepale ukumbini. Sikulia ukumbini. (Nililia nyumbani, na si sana.)

Mimi ni mwalimu wa kemia, naishi Mkuza, na wakati huo nilikuwa nasoma shahada ya pili. Utafiti wangu ulikuwa wa asali. Unaipiga asali kwa mwanga wa leza, sehemu ndogo ya mwanga inarudi ikiwa imebadilika kutokana na vilivyomo ndani, kifaa kinaupokea na kuchora mstari wenye vilima na mabonde. Kwa macho mistari ya asali zote inafanana kama mapacha, na hapo ndipo takwimu zinapoingia: kompyuta inachukua mamia ya namba za kila mstari, inatafuta mistari inapoachana zaidi, kisha inaubana mstari mzima uwe nukta moja tu kwenye picha. Asali zinazofanana, nukta zake zinakaa jirani; zisizofanana zinakaa mbali. Siku ya kwanza nilipoona nukta zinajipanga zenyewe makundi makundi nilisahau chai mpaka ikaota utando, maana nilihisi kama asali yenyewe inanieleza ilikotoka.

Sasa kosa. Msimamizi wangu alikuwa ameniagiza kila sampuli niimimine kwanza kwenye kichupa kidogo cha kioo, vichupa vya aina moja, ndipo nipime. Nilikuwa na vichupa kumi na viwili na sampuli arobaini, maana yake ni kuosha na kukausha, kuosha na kukausha, na asali unaijua inavyong'ang'ania. Wiki hiyo maji yakakatika Mkuza. Nikajiambia, leza si inapita kwenye plastiki angavu, kwa nini nijitese? Nikapima kila asali ndani ya chombo ilichokuja nacho.

Asali ya vikundi vya Kibaha ilikuja kwenye chupa za kioo. Asali ya akina mama wa Maneromango, kule Kisarawe, ilikuja kwenye chupa za plastiki zilizokwisha maji ya kunywa. Na mimi mwenyewe, ili kompyuta ijifunze asali feki inafananaje, nilikuwa nimechanganya asali na shira ya sukari nyumbani, nikaihifadhi kwenye chupa zipi? Hizohizo za maji ya kunywa. Ile halisi ya kufundishia, niliyoirina na wafugaji wa Misugusugu kwa mikono yangu, nilikuwa nimeitia kwenye kioo. (Wewe unayesikiliza umeshaona tunakoelekea. Mimi nina digrii na sikuona.)

Matokeo yakatoka mazuri ajabu, makundi mawili safi kabisa, Kibaha huku pamoja na asali halisi, Kisarawe kule wamekaa juu ya zile feki zangu. Sikujiuliza kitu. Vikundi vilikuwa vinakutana Kibaha na mnunuzi kutoka Dar, Bwana Kessy, ambaye alikuwa anatafuta asali ya kuchukua msimu mzima, na mwenyekiti wao akaniomba niwaonyeshe kidogo sayansi yangu. Kidogo. Mimi nikabeba kifaa, kompyuta na projekta.

Niliitupa picha ukutani, nukta za kijani na nukta nyekundu, nikaeleza, na watu walivyokuwa kimya wakifuatilia ndivyo nilivyozidi kuvimba kichwa. Mtu mmoja akauliza nyekundu ni akina nani. Ningeweza kusema bado nachunguza. Nikasema ni Kisarawe, na kwamba kwa mujibu wa vipimo asali yao imetiwa sukari, na nikaongeza sentensi ambayo mpaka leo nikiikumbuka nafumba macho, kwamba takwimu hazina ndugu.

Akina mama wa Maneromango walikuwa sita, mstari wa tatu. Bwana Kessy aliandika kitu kwenye daftari lake, akafunga kalamu, akatoka na simu sikioni.

Ndipo akasimama Bi Sauda, kiongozi wao, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, ile sauti ambayo ili uisikie lazima wote mnyamaze. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana.

"Mwalimu, mimi sibishi, nataka kuelewa tu," alisema. "Hicho kimwanga kinaona asali peke yake, au na chupa kinaiona?"

Nikamjibu kwamba chupa ni angavu, mwanga unapita tu, haihesabiki. Nililijibu haraka, kama mtu anayefukuza nzi.

Akaja mbele taratibu, akachukua kutoka mezani chupa yangu mimi ya maji ya kunywa, haijafunguliwa hata kizibo, akaniwekea mbele ya kifaa. "Basi pima na hii."

Ningekataaje? Nikabonyeza. Mstari ukachoreka ukutani, nukta ikatokea, ikaenda kukaa katikati kabisa ya zile nyekundu, na programu yangu, ambayo niliiandikia mwenyewe maneno ya Kiswahili ili wananchi waelewe, ikaandika kwa herufi kubwa: ASALI IMECHAKACHULIWA.

Ukumbi ulichukua muda kidogo kuelewa, halafu kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Bi Sauda hakucheka. Alifungua chupa, akanywa funda moja, akampa mwenzake, naye akanywa. "Hayana sukari," akasema, akarudi kukaa.

Nilikumbuka Bwana Kessy. Nikatoka mbio, kifaa mkononi, miwani ya kujikinga na leza imenikaa kwenye paji la uso kama miwani ya mchomelea vyuma, nikamkuta anawasha gari, nikagonga kioo, nikamweleza huku nahema kwamba nilichopima ni plastiki. Alinisikiliza mpaka mwisho, mstaarabu kweli.

"Dada, nimeshawaambia Dar Kisarawe tuiache," alisema. "Nikiwapigia tena kusema mtaalamu amekosea, wataniuliza kama safari hii ndiyo amepatia. Niletee maandishi."

Akaondoka, na kelele za ukumbini nazisikia mpaka pale nje.

Siku tatu baadaye nilikwenda Maneromango na vichupa vyangu kumi na viwili. Nilimwamkia Bi Sauda, akaitikia marahaba, nikaomba radhi kwake na kwa wenzake, wakanisikiliza kisha wakanionyesha ndoo ya maji na sabuni. Nikaosha vichupa mwenyewe, kimoja baada ya kingine, wao wamekaa kwenye mkeka wananitazama, na hakuna aliyenisaidia hata kukung'uta. Kabla ya asali nilipima chupa tupu ya plastiki. Vilima vyote nilivyokuwa nikiviita sukari vilikuwa humo, kimoja kimoja, kwenye chupa isiyo na kitu ndani.

Nikatoa kwenye hesabu kila kilichopimwa ndani ya plastiki. Zile feki zangu nilikuwa nimeshazimimina kwenye kioo na kuzipima upya, zikaenda kukaa mbali peke yake. Asali ya Maneromango, safari hii ikiwa ndani ya vichupa vya kioo, ikakaa na asali halisi. Nikawasomea. Walitikisa vichwa tu, wao hilo walikuwa wanalijua tangu mwanzo, lakini mama mmoja akaomba aonyeshwe nukta ya mzinga wake, na wa pili naye, mara wote wakawa wamenizunguka, na hapo tukaona kitu: nukta zao ziko kwenye kundi la halisi, ndiyo, ila zimejikusanya pembeni kidogo, kama watu wa ukoo mmoja kwenye harusi.

"Hiyo ni nini?" Bi Sauda akauliza.

Ulimi uliniwasha jamani. Nilikuwa na majibu matatu tayari.

"Sijui," nikasema. "Inaweza kuwa maua. Inaweza kuwa mimi."

Akaniangalia, kisha akasema nyuki wa mizinga minne wanakula mikorosho, waliobaki wanaingia msituni, na kwamba msimu ujao ataniletea asali za pande zote mbili kwenye vyombo vinavyofanana, zikiwa na namba tu, majina atabaki nayo yeye mpaka nimalize kupima. Hiyo ni kanuni ambayo mimi nilifundishwa darasani na nikafaulu mtihani wake.

Maandishi niliyaandika, na kwenye mkutano uliofuata niliyasoma kwa sauti mbele ya walewale, nikianza na neno nilikosea. Bwana Kessy alichukua asali ya Maneromango, ingawa alichelewa mwezi mzima, na mwezi huo ni mimi niliyewapotezea. Wenyewe wananiita Mwalimu Maji. Naitika. Na nimeapa kwamba sitapima tena kitu chochote kabla ya kupima chombo chake kikiwa kitupu, na kwamba nikiulizwa hadharani wale wekundu ni akina nani, nitasema kwanza niende nikaoshe vichupa.